Mjapani wa Tunduma na sauti yangu iliyopotea

Najua mmeninunia, maana tangu tufunge chuo sijaandika hata mstari. Naomba radhi. Nilikuwa kwenye TP kule kwetu Tunduma, mkoani Songwe, Julai na Agosti 2025, na mambo yaliyonikuta huko ndiyo leo nataka kuyamwaga hapa. Wengi mmeniuliza mbona nimerudi Mkwawa na sauti ya mzee wa miaka sabini. Wengine mmesema ni baridi ya Iringa. Hapana jamani, siyo baridi. Ni wimbo wa Kijapani.

Mnacheka eeh? Chekeni kwanza, halafu vuteni kimbweta tukae.

Nianze na Braza. Mimi kwetu ni wa pili, na kaka yangu mkubwa ni dereva wa magari ya IT. Kwa ambao hawajawahi kupita barabara ya Dar hadi Zambia, gari la IT ni lile linaloshuka bandarini Dar es Salaam, halina namba zetu, linakwenda moja kwa moja mpakani kwa mwenyewe aliyelinunua kutoka Zambia au Kongo. Mengi yanatoka Japani, yameshatumika huko. Dereva analichukua Dar, anapita Chalinze, Morogoro, Mikumi, anapanda Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako, Uyole, Mlowo, Vwawa, hadi Tunduma. Zaidi ya kilomita 900. Akishakabidhi gari anapanda basi kurudi Dar kufuata jingine. Hayo ndiyo maisha ya Braza kwa miaka tisa sasa.

Haruhusiwi kubeba abiria, kwa hiyo anakuwa peke yake njia nzima. Na hapo ndipo mkasa unapoanzia. Redio za magari ya Japani zinashika FM kuanzia 76 hadi 90 hivi, kwa sababu kwao stesheni ziko huko. Sisi stesheni zetu nyingi ziko juu ya 90. Kwa hiyo dereva wa IT akiwasha redio anapata shiiii… na labda stesheni moja akiwa karibu na mji. Ramani ya kwenye dashibodi nayo inaijua Japani tu, iko pale inazungukazunguka kama mgeni Kariakoo. Na ukiwasha gari, dada fulani wa Kijapani anakusemesha kwa upole kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara. Braza anamjibu, "Shikamoo dada, huku tunalipia kwa jasho," halafu anaondoka.

Kinachobaki ni muziki alioacha mwenye gari wa kwanza. Mara CD imesahaulika, mara nyimbo zimehifadhiwa ndani ya redio yenyewe. Huyo Mjapani keshanunua gari jipya, hana habari kwamba nyimbo zake zinapanda Kitonga saa nane usiku.

Siku moja, mimi nikiwa mwaka wa kwanza, Braza alisimama Ipogolo, hapo chini mjini kwetu Iringa, akanipigia simu nishuke. Kila akipita hufanya hivyo. Ananipa chochote, elfu kumi, elfu ishirini, akiwa vizuri zaidi ya hapo. Mnajua bumu linavyochelewa, na mnajua sisi wengine mkopo haukutosha ada yote. Pengo lile lilizibwa na Ipogolo. Siku hiyo nikamkuta kwenye gari anasikiliza wimbo, macho ameyafumba, midomo inatembea.

Nikamwambia, "Braza, unaumwa?"

"Kaa kimya dogo. Sikiliza hapa anapopanda."

Nikasikiliza. Kinanda taratibu, sauti ya mwanaume laini kabisa kule chini, halafu kiitikio kinafika na jamaa anapanda, anapanda, anafika mahali unasema sasa atakwama, yeye anaigeuza sauti inakuwa nyembamba kama uzi na anapita. Nikafungua ile programu ya simu inayosikiliza wimbo na kukutajia jina. Ikaniambia: Ken Hirai, "Hitomi o Tojite", 2004. Baadaye nikasoma kwamba ndiyo singo iliyouzwa kuliko zote Japani mwaka huo, na ilikuwa ya filamu ya mapenzi iliyotoka mwaka huohuo. Kwa Kiswahili jina lake ni kama kusema "Kwa kufumba macho". Braza alikuwa kafumba macho bila kujua jina. Sijui niseme nini hapo.

Basi akaukariri wote. Bila karatasi. Safari baada ya safari, anaurudisha, anaurudisha. Msishangae sana, maana Kijapani kwa mdomo wa Mswahili hakigomi. Irabu zao ni tano kama zetu, na silabi nyingi zinaishia na irabu kama zetu: sa-ku-ra, ka-wa-sa-ki, unaweza kudhani ni majina ya vijiji vya Momba. Moyo wanaita "kokoro", sisi hilo ni jina la nyavu haramu za ziwani. Na sikio, wadau, kwa Kijapani linaitwa "mimi". Kazi inakuja kwenye irabu zile ndefu, ukiifupisha neno linabadilika. Kwenye r na l hawatofautishi, na mimi niliyechapwa darasa la tatu kwa kusema "kura" badala ya "kula" nilijisikia nimepata ndugu.

Sasa nije kwenye TP. Nilipangiwa shule ya sekondari ya kata huko Tunduma, nikafurahi kwamba nitakaa nyumbani, nitakula kwa mama. Masomo yangu mnayajua, Historia na Kiswahili. Nikapewa Kidato cha Pili. Nikaingia siku ya kwanza na shati limenyooshwa, nikakuta vichwa 87.

Themanini na saba!

Chuoni tulifundishwa nadharia zote, za huyu na za yule, lakini hakuna aliyetuambia kwamba mtu wa nyuma kabisa kwenye darasa la watoto 87, mabati juu, malori yanapuliza honi barabarani, hakusikii. Nikafanya alichofanya kila mwalimu mwanafunzi: nikapaza sauti. Wao wakapaza. Nikapaza zaidi. Wiki ya kwanza nikawa nafika nyumbani koo linawaka. Wiki ya pili sauti ya asubuhi ikawa kama ya debe. Mama ananipa tangawizi, naendelea kupiga kelele. Nilijiambia mwanaume sauti, mwalimu sauti.

Na ukweli mwingine, nilikuwa najiona mwimbaji. Mnanijua kwenye hosteli, nikiingia bafuni kila mtu anajua. Kwaya nimeimba tangu darasa la tano. Kwa hiyo Braza aliponiambia Jumamosi kuna karaoke kwenye baa moja karibu na stendi, nikasema hapo ndipo pangu.

Tunduma usiku ni mji wa ajabu, naupenda. Foleni ya malori haiishi, wabadilisha fedha bado wapo na mabunda yao ya kwacha, watu wanasema Kiswahili, Kinyamwanga, Kibemba na Kiingereza ndani ya sentensi moja. Ukivuka tu kwenda Nakonde unapata saa moja ya bure, maana Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Walevi wa Tunduma wanaijua hesabu hiyo kuliko mwanafunzi wangu yeyote.

Ndani kulikuwa na skrini, maiki mbili, na DJ mwenye kompyuta. Madereva, mawakala wa mizigo, akina dada wa maduka. Nikiwa nasubiri nikawaeleza watu wa meza yetu, kwa kiherehere cha usomi, kwamba neno lenyewe karaoke ni la Kijapani, "kara" ni tupu na "oke" imekatwa kutoka okestra, yaani bendi isiyo na mwimbaji, ukiingia wewe ndiyo inajaa. Kwamba mwanamuziki mmoja wa Kobe, Daisuke Inoue, alitengeneza mashine yake mwaka 1971 na hakuiwekea hataza, kwa hiyo mabilioni wakapata wengine. Na kwamba mwaka 2004 alipewa ile tuzo ya utani ya Ig Nobel, upande wa amani, kwa kuwapa binadamu njia mpya ya kuvumiliana. Mzee mmoja dereva wa semi akasema, "Kweli, maana huyu anayeimba sasa hivi tunamvumilia sana."

Akaitwa Braza. Hawakumwita kwa jina lake, DJ alisema, "Mjapani! Mjapani yuko wapi?" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kumbe ndugu yangu ni staa na mimi sina habari. Akapanda, akamnong'oneza DJ, "Shusha tatu." DJ akabonyeza, mdundo ukashuka. Hapo maana yake kaomba wimbo ushushwe nusu sauti tatu kutoka pale alipoimba mwenyewe.

Akaimba. Wadau, sitaki kumsifia kwa sababu ni ndugu. Hakupiga kelele hata mara moja. Alianza kama anaongea na mtu aliyekaa karibu naye. Watu wasiojua hata neno moja wakaweka chupa chini. Pale juu alipofika aliiachia sauti ikawa nyembamba, ikatetemeka kidogo, haikukatika. Alipomaliza, dada mmoja wa duka la simu alikuwa anafuta macho, anasema ni moshi wa mishikaki.

Na mimi ndugu yake nikawaza nini? Nikawaza: kashusha. Kadanganya. Mwanaume kamili anaimba pale pale ulipo wimbo.

Basi bwana, shetani akanishika mkono. Nikaenda kwa DJ, nikamwambia weka huohuo, usishushe kitu. DJ akanitazama. "Mwalimu, una uhakika?" Nikamwambia weka.

Ubeti wa kwanza nilienda vizuri, nikaona vichwa vinatikisika. Kiitikio kikaja. Nikavuta hewa kidogo, nikapandisha sauti ya kifua kwa nguvu zote kama ninavyowapandishia Kidato cha Pili… Kilichotoka siwezi kukiandika. Kama jogoo aliyekanyagwa. Nikajaribu tena, haikutoka kabisa. Hewa tupu. Kara bila oke. Ukumbi ukalipuka kicheko, na nilipogeuza uso dirishani nikakutana macho na kijana wangu wa Kidato cha Pili mkondo B, ana beseni la mayai ya kuchemsha kichwani, kasimama nje anauza. Hakucheka. Alinitazama tu kwa huruma, na hiyo ndiyo iliniua zaidi.

Jumapili nikaamka sina sauti. Siyo kukwaruza, sina. Na Jumatano mkaguzi kutoka chuoni alikuwa anakuja kuniangalia nikifundisha. Mnajua maana yake: maksi za TP ndiyo hizo, na ukianguka TP unarudia mwakani. Kurudia mwakani ni pesa. Na pesa zinatoka Ipogolo.

Nilikaa uani nimeinamisha kichwa. Mama akaleta chai, hakusema kitu. Braza akatoka na kigoda, akakaa. Alikuwa na basi la jioni.

"Dogo, unajua kwa nini nashusha?"

Nikatikisa kichwa.

"Ukinunua suruali ya mtumba, ikakuzidi kiuno, unafanyaje? Unampelekea fundi apunguze. Hakuna anayesema umedanganya. Suruali ni ya Mzungu, kiuno ni chako. Wimbo ule ni wa yule Mjapani, koo ni langu."

Nilitaka kubishana, sauti haikuwepo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani namsikiliza Braza mpaka mwisho.

Akaniambia alivyojifunza. Mwanzo naye alikuwa anapiga kelele, gari zima linatetemeka, akifika Mafinga hawezi hata kumsalimia askari. Siku moja akiwa anapanda Kitonga akagundua kitu kwenye gia. Ukiona mlima, huongezi mafuta tu, unashusha gia kabla hujafika. Akaanza kufanya hivyo na wimbo: anavuta hewa hadi tumboni mstari mmoja kabla ya mlima, anapunguza nguvu, anaacha sauti ibadilike yenyewe kutoka kifuani kwenda kichwani. "Ukiibeba ile nzito mpaka juu, inakatika. Lazima uiache mahali."

Jamani, mimi nasomea ualimu. Nilipokwenda kusoma baadaye nikakuta alichosema ndicho kilichoandikwa. Nyuzi za sauti za mwanaume akizungumza kawaida hutikisika kama mara 100 hadi 150 kwa sekunde. Sauti ya A ambayo bendi hutumia kutiunia vyombo ni mara 440. Ukitaka kwenda huko kwa kusukuma tu, nyuzi zinagongana kwa nguvu, zinavimba, na zilizovimba hazikutani vizuri, ndiyo maana inatoka hewa. Na dawa yake ya kwanza ni kunyamaza na kunywa maji. Kunong'ona kwa nguvu siyo kunyamaza, kunachosha vilevile. Walimu ni kati ya watu wanaougua sauti zaidi, kwa sababu hiyohiyo iliyonikuta.

Siku zile za kunyamaza nilikuwa na simu tu, nikaanza kutafuta nyimbo ambazo wanaume wa Japani wenyewe wanaziogopa kwenye karaoke. Nawawekea hapa kwa faida ya wababe wa bafuni wa bloku yetu.

Kuna "Kurenai" ya kundi la X Japan, ambalo mwaka 1989 lilipoitoa lilikuwa bado linajiita X tu. Kaitunga Yoshiki, mpiga ngoma, na inaonekana hakumhurumia mwimbaji wake Toshi hata kidogo: iko juu, iko mbio, na haikupi nafasi ya kupumua. Huu ugumu wake ni wa pumzi na kifua.

Kuna "Hakujitsu" ya King Gnu, 2019. Huu unaanza moja kwa moja na ile sauti nyembamba ya kichwani, hujapasha hata koo moto. Halafu unashuka kwenye sauti ya kawaida, unarudi juu, unashuka. Ugumu wake ni kubadili gia, kama alivyosema dereva wangu.

Kuna "Pretender" ya Official Hige Dandism, 2019 pia. Huu unakudanganya. Unausikia redioni unasema huu mwepesi, mtamu. Ukiushika, kiitikio kimekaa juu na hakishuki, unabaki umening'inia.

Na kuna ule wa zamani wa Kyu Sakamoto, "Ue o Muite Aruko", wa 1961. Mwaka 1963 ulishika namba moja Marekani, lakini huko ulitoka kwa jina jingine, "Sukiyaki", ambayo ni nyama ya kupika. Ni kama wimbo wa huzuni wa kwetu ukaitwe "Chipsi Mayai". Sauti yake haiko juu sana, mtu yeyote anadhani anauweza. Katikati kuna mluzi. Jaribu kupiga mluzi mbele ya watu 60 midomo imekauka, ndiyo utajua.

Kama mnataka wa nyumbani wa kujipimia, chukueni "Nani Kama Mama" ya Christian Bella na Ommy Dimpoz, sehemu za Bella. Halafu mje mniambie kama hamtashusha.

Jumatatu nikaingia darasani bila sauti. Nilikuwa na hakika kijana wa mayai keshatangaza, na kweli, ubaoni mtu alikuwa kachora jogoo ameshika maiki. Nikachukua chaki. Pembeni ya jogoo nikaandika: "Leo jogoo anaumwa. Tufundishane." Wakacheka, nami nikacheka bila sauti, ikawa imeisha.

Somo lilikuwa tungo za Kiswahili. Nikawagawa makundi kumi, kila kundi likapata mtu mmoja wa kuja mbele na kueleza. Mimi nikipiga makofi mawili, kimya. Nikitaka kusema kitu, nilisubiri. Nikasema kwa sauti ndogo ile iliyokuwepo, na wa mbele wakawa wanawaambia wa nyuma, "Shhh, mwalimu anaongea." Nilisimama pale naona maajabu. Wiki tatu nimepiga kelele hawakunyamaza. Nimepoteza sauti, wananyamazishana wenyewe.

Nisiwadanganye kwamba lilikuwa darasa la malaika. Kona ya nyuma kushoto walicheza karata hadi kengele, nimewaona. Na Jumatano mkaguzi alipokuja, makundi mawili yaligombania kitabu mbele yake. Nilitoka jasho licha ya baridi. Lakini baada ya kipindi aliniita pembeni, akaniambia nimevuka, akaandika kwamba nipunguze kuandika sana ubaoni, na akauliza, "Hiyo mbinu ya kuongea polepole umeipata wapi?" Nikamwambia kwa kaka yangu. Akauliza, "Naye ni mwalimu?"

Swali hilo limenikaa hadi leo.

Maana sijawaambia jambo moja. Braza alifaulu Kidato cha Nne. Alichaguliwa kwenda Kidato cha Tano, fomu ya kujiunga iliwahi kufika nyumbani, mama anayo hadi leo kwenye sanduku. Ni mwaka ambao baba aliugua. Braza aliisoma fomu, akaikunja, akaenda Dar na rafiki yake kutafuta kazi bandarini. Baba hakupona. Mimi nilikuwa darasa la sita. Na miaka yote hii, nikimsikia anasema "yaani" mara tatu kwenye sentensi moja, nilikuwa namsahihisha. Mbele za watu.

Wiki ya mwisho ya TP alirudi na gari jingine. Nikamwambia, kwa sauti iliyokuwa imeanza kurudi, kwamba nimesoma maana ya ule wimbo. Nilisitasita kwanza, nikijiuliza kama namharibia. Nikamweleza kwamba filamu yenyewe ni ya kijana aliyefiwa na mpenzi wake kwa ugonjwa wa damu wakiwa bado shuleni, na wimbo ni wa mtu aliyebaki, anayemuona mwenzake akifumba macho tu.

Akanyamaza muda. Akawa anapangusa vumbi kwenye dashibodi ya gari la watu kwa mkono wa shati.

"Nilijua ni wa msiba," akasema. "Mtu ambaye watu wake wote wapo haimbi vile."

"Ulikuwa unamfikiria baba?"

"Usiku ule mrefu dogo, kati ya Makambako na Igawa, unamfikiria kila mtu." Halafu akacheka. "Hata yule Mjapani aliyeuza gari. Kwa nini aliuacha wimbo wake?"

Jumamosi ya mwisho tukarudi pale baa. DJ akaniona, akaanza kucheka kabla sijafika. Braza akasema, "Leo tunaimba wawili. Shusha nne." Nne! Mimi nikachukua zile sehemu za chini, yeye akachukua mlima. Niliimba polepole, nikasikiliza zaidi kuliko nilivyoimba. Hakuna aliyelia, dada wa duka la simu hakuwepo. Mzee wa semi alitupigia makofi, akasema tumevumilika.

Asubuhi yake nikapanda basi kuja huku.

Basi wadau, hiyo ndiyo habari ya sauti yangu. Wa mwaka wa pili mnaokwenda TP mwakani, bebeni chupa ya maji, jifunzeni kupiga makofi mawili, na msishindane na mabati. Ninyi waimbaji wa bafuni, nasubiri mniambie kila mmoja wimbo uliomshinda na alishusha ngapi. Msinidanganye, nitawajua tu.

Kuna mtu kanipigia sasa hivi, anasema yuko Ipogolo na gari jeupe, ana dakika kumi tu. Safari hii nimemwekea mimi kitu kidogo, bumu limeingia jana. Ngoja nikimbie kabla hajaondoka.

Alamsiki.